Vioo Vinene vya Baba

Juzi kijana wa duka la miwani aliniuliza kama nataka kioo kinene au chembamba, kwa sauti ile ile ambayo mtu hukuuliza chai ya maziwa au ya rangi. Akanieleza kwamba siku hizi hata mwenye namba kubwa anaweza kupata kioo chembamba, uso ukabaki wa kawaida. Nikamwambia anijaribishe kwanza kile kinene. Lakini kabla hajaniwekea machoni nikamgeukia mjukuu wangu aliyenisindikiza, nikamwambia atoke nje akanisubiri barazani. Akauliza kulikoni. Nikamjibu kwamba nikisema toka, toka. Akatoka amenuna, na yule kijana akainamisha kichwa kuficha kicheko. Sisi wazee tukiwa wakali watu husema ni uzee, nasi tunawaachia wadhani hivyo. Sikuwa na hasira na mtoto yule hata kidogo. Sikutaka tu awe mbele yangu pale nitakapoanza kuona.

Sababu yake ni baba yangu. Ni jambo la miaka ya hamsini, na sijawahi kumsimulia mtu lote, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Baba alikuwa msomaji wa kanisa letu huko milimani juu ya Mbeya. Kila Jumapili, kabla mchungaji hajahubiri, yeye ndiye aliyesimama mbele na kusoma Maandiko. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye mke, kwa wamisionari, akichora herufi mchangani kwa kijiti pamoja na watoto waliomcheka. Watu wengi pale kwetu walikuwa na ng'ombe wengi kumshinda, na viazi vyetu havikuwa vya kumtambia mtu. Lakini kusoma alikuwa nako yeye. Akina mama waliopokea barua kutoka kwa wana wao waliokwenda kuchimba dhahabu Makongolosi walimletea yeye awasomee. Aliwasomea taratibu, na palipokuwa na habari mbaya alinyamaza kwanza, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Nilipokuwa mdogo nilidhani habari mbaya huandikwa kwa herufi ngumu zaidi.

Halafu ukaja ugonjwa wa mtoto wa jicho, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Kwa miaka miwili hakuona ila mwanga na kivuli. Mama alikuwa amekwisha kufariki, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijaolewa, nikifundisha watoto wadogo katika shule ya misheni, kwa hiyo nilikuwa naye. Wazee wa kanisa walimweka mwalimu mmoja kijana asome badala yake, lakini walisema wazi kwamba ni kwa muda. Mzee akipona atarudi mahali pake. Hilo neno "akipona" ndilo lililomtoa baba kitandani kila asubuhi.

Daktari wa hospitali ya misheni akampasua macho yote mawili, moja baada ya jingine. Bandeji zilipotolewa baba aliona rangi, akaona umbo la mtu na la mti, lakini kila kitu kilikuwa kama kimelowekwa ndani ya maji. Daktari akasema hiyo ni kawaida, sasa anahitaji miwani. Sanduku la miwani ya msaada pale hospitali lilikuwa limebaki na ya kusomea tu, ya watu wenye macho mazima yaliyochoka. Akatuandikia karatasi twende Iringa, kuna fundi saa pale mjini ambaye pia hupima macho na kutengeneza miwani.

Tulisafiri kwa basi, vumbi tupu. Pale Igawa tuliposhuka kunywa chai, baba aliniuliza nimweleze watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara, wamevaa nini, wanauza nini. Nikamweleza. Akasema, "Wakati wa kurudi nitakueleza mimi."

Fundi alikuwa Mwislamu wa makamo, mtu wa asili ya pwani ambaye baba yake alipanda huku zamani kwa biashara. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba. Ukuta mzima ulikuwa saa, kubwa kwa ndogo, zote zikitembea, na hakuna mbili zilizokubaliana. Alimwamkia baba kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti karibu na mlango penye mwanga, mimi akanipa kigoda. Nilisimama, sikukaa. Nilikuwa nimeshikwa na hofu kama vile macho ya kupimwa ni yangu.

Akasoma karatasi ya daktari, kisha akatoa sanduku la mbao lenye vijumba vingi vidogo, na katika kila kijumba kioo cha mviringo. Vya mwanzo vilikuwa vyembamba kama kucha. Kadiri vilivyoendelea vilinenepa tumboni, mpaka vya mwisho vilivyokuwa kama kitako cha chupa.

"Mzee wangu," alisema, "kila jicho Mungu amelitia kioo chake ndani. Chako kiliingia ukungu, daktari akakitoa. Sasa kazi yangu ni kukurudishia kioo nje ya jicho. Ndiyo maana aliyepasuliwa huhitaji kinene. Kitakulemea pua, lakini utaona."

"Pua ni ya kazi gani nyingine?" baba akasema. Tukacheka wote watatu. Nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu kilikuwa cha mwisho cha namna ile kati yangu na yeye.

Kulikuwa na ubao wa alama ukutani, alama moja tu iliyogeuzwa huku na huku, nawe unaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Baba alipoelezwa akakataa. "Hiyo ni ya wasiojua kusoma, fundi. Mimi nasoma." Fundi akamtuliza, akasema basi, tutatumia chochote apendacho. Akamvalisha fremu nzito ya chuma ya kujaribia, akachagua viwili kutoka safu ya mwisho ya sanduku, akavitumbukiza.

Baba alikuwa ameelekea ukutani. Alizitazama saa moja moja. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu, "Hii inasema saa tisa na dakika ishirini. Ile ya juu saa tisa na nusu. Na ile yenye ndege imesimama."

"Ile imekufa," fundi akasema. "Umeona vizuri kunishinda mimi."

Baba akaanza kucheka. Alicheka akigeuka kunitafuta, maana alikuwa hajauona uso wangu kwa miaka miwili.

Nami nikamwona. Ile miwani ilikuwa imeyakuza macho yake mpaka yakajaza vioo vyote viwili, meupe na meusi, yenye mishipa, makubwa kama mayai, yakicheza huku na huku bila kupepesa. Sura ya baba ilikuwa ile ile, na katikati yake kulikuwa na macho ya kiumbe nisichokijua. Nyumbani kwetu alikuwako bibi mmoja aliyepasuliwa macho, akavaa miwani kama ile, na watu wakamwita Bundi. Alipopita walifunga milango. Mimi mtoto wa msomaji, mwalimu, niliyefundishwa kwamba bundi ni ndege kama kuku, nilirudi nyuma. Niliweka mkono mdomoni nikarudi nyuma hatua mbili, nikakipiga kigoda kwa kisigino, kikaanguka.

Waliosema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi hawakunijua mimi. Ulimi wangu ulitulia kabisa siku ile. Mguu ndio ulionikosesha.

Yote yalipita kwa muda wa kupepesa jicho. Nilitoa mkono mdomoni, nikainama kuinua kigoda, na nilipoinuka nilikuwa nimeshatengeneza uso wa kutabasamu. Lakini baba alikuwa anaona. Kwa miaka miwili hakuona, na wakati ule, kwa vile vioo, alikuwa anaona kila kitu waziwazi. Kicheko chake hakikufika mwisho. Akaigeuza shingo akatazama chini, kwenye mikono yake.

"Fundi," alisema, "hivi ni vizito."

"Utavizoea, mzee wangu. Wiki moja tu."

"Vinaniumiza. Nijaribishe vyembamba."

Fundi akamweleza tena habari ya kioo kilichotolewa ndani. Baba akamjibu kwamba amesikia na anashukuru, lakini macho ni yake. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitabu chake cha Maandiko, kile alichokuwa amekibeba miaka zaidi ya ishirini, akaniambia, "Mwanangu, nifungulie pale penye dhoruba ziwani."

Nikafungua, nikampa. Fundi alikuwa ameweka vioo kutoka safu ya katikati, vyembamba, ambavyo vilimwacha baba na sura ya mwalimu mkuu. Nilikiri moyoni kwamba anapendeza. Fundi akakaa mbele yake, akamtazama machoni. Baba akainua kitabu akaanza kusoma.

Alisoma vizuri sana. Alisoma mashua, upepo, wale waliokuwa wakiogopa, kwa sauti ile ya Jumapili, hata mpita njia mmoja akasimama mlangoni kusikiliza. Alifika mwisho wa ukurasa. Nilikuwa nimesimama begani kwake na niliona mwisho wa ukurasa, mstari wa chini kabisa, neno la mwisho. Baba hakufunua. Aliendelea. Ziwa likatulia, watu wakafika ng'ambo, na kidole gumba chake kilikuwa bado kimekaa palepale kwenye ukurasa ule ule.

Hakuwa anaona kitu. Alikuwa anasema kwa moyo maneno aliyoyahifadhi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu lingetosha: tata, funua. Nyumbani tulimwita tata, kwa Kinyakyusa. Sikulisema. Nilijiambia kwamba ni aibu kumfedhehesha mzazi mbele ya mtu wa nje. Nilijiambia labda anaona kiasi. Ukweli, na sasa nimezeeka vya kutosha kuutamka, ni kwamba sikutaka yale macho makubwa yarudi nami nyumbani.

"Ajabu," fundi akasema polepole. "Waliopasuliwa huchukua vinene."

"Mungu hakuumba macho yote sawa," baba akasema.

Baada ya siku mbili tukachukua miwani. Katika basi nilimwachia dirisha. Tulipofika Igawa nilingoja anieleze watu kama alivyoahidi. Alitazama nje muda mrefu, kisha akasema wapo wengi.

Basi, baba akarudi mahali pake. Watu walimpokea kwa nyimbo, mwalimu kijana akampisha kwa heshima. Miwani ilimpendeza, kila mtu alisema hivyo. Na kila Jumamosi jioni baba aliniita. "Nisomee kidogo, macho yamechoka." Nilimsomea sura ya kesho yake, naye akairudia mara moja, mara mbili. Mara ya tatu hakukosea. Nyingi alikuwa nazo tangu zamani, mimi nilimkumbusha tu. Hatukusema kitu kingine. Nilijua, naye alijua kwamba najua, nasi tukakaa na hilo jambo nyumbani kama wakaao na mgeni asiyeaga.

Alijikwaa mara kwa mara, nikasema njia ni mbovu. Alimsalimia mtu kwa jina la mwingine, nikacheka kana kwamba ni mzaha wake. Wakati mwingine nikiwa darasani, peke yangu, watoto wameshaondoka, nilisikia kigoda kikianguka nyuma yangu. Niligeuka kila mara.

Mwaka uliofuata ikaletwa tafsiri mpya ya Maandiko. Walimu wa madarasa ya juu walipata nakala zao kwanza, mimi bado. Sisi hatukujua kwamba mchungaji alikuwa amepanga jambo la kumheshimu baba. Jumapili asubuhi, watu wote wameketi, akaleta kitabu kipya, kikubwa, chenye jalada jeusi, akakiweka mbele ya baba, akatangaza kwamba msomaji wetu ndiye atakayekifungua kwa mara ya kwanza.

Baba alipapasa jalada. Akafungua katikati, akageuza kurasa kidogo, akasimama. Kisha akaanza kusoma ile sura niliyomsomea jana yake, kwa maneno ya zamani.

Habari ilikuwa ile ile, lakini maneno hayakuwa yale. Walimu walikaa mabenchi ya mbele, vitabu vipya magotini, wakifuata kwa kidole. Niliona kidole cha kwanza kikisimama. Yule mwalimu kijana akainua kichwa. Akamwangalia wa pembeni yake, naye akainua kichwa. Vikainuka vingine, kimoja kimoja, mpaka benchi zima likawa linamtazama baba, na baba akisoma kwa sauti nzuri, uso ameuelekeza kwenye ukurasa usiohusika. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mchungaji alitazama sakafu mpaka mwisho.

Alisikia ule ukimya. Mtu aliyesoma mbele ya watu miaka ishirini huujua ukimya wa watu wanaosikiliza, na ule haukuwa huo. Alimaliza, akafunga kitabu, akashuka akihesabu ngazi kwa miguu.

Njiani nilimshika mkono. Tulipofika kijito akauliza, "Walinitazamaje?"

"Kwa heshima, tata."

Akaguna. Hakuniuliza tena, wala mchungaji alipokuja jioni ile kumwambia apumzike sasa, hakubisha.

Juma lile lile nilipanda basi peke yangu kwenda Iringa. Nilimkuta fundi ameinamia saa ya mtu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nikamwamkia, nikamweleza nimefuata vile vioo vinene. Alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi iliyokunjwa, na ndani yake vilikuwa vile vile viwili.

"Niliviweka," alisema. "Nilijua utarudi, ila nilidhani ni mapema zaidi."

"Ulijua?"

"Mwanangu, mimi kitabu chenu sikijui, ndiyo maana nilitazama macho. Anayesoma macho yake hutembea. Ya mzee yalikuwa yamesimama kama ile saa ya ndege."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, kwa nini hakusema. Akatoa kile kioo jichoni, akanitazama kwa upole.

"Damu yake ilikuwa imesimama palepale begani kwake. Nilingoja useme wewe."

Nilirudi na miwani mipya. Njia nzima nilifanya mazoezi, nikijitazama kwenye dirisha la basi: uso mtulivu, mdomo umefungwa, macho hayakwepi. Nyumbani niliendelea kwenye maji ya ndoo kabla ya kuwanywesha mbuzi. Nilimpa baba miwani ikiwa ndani ya kasha lake. Aliipima uzito kiganjani, akatambua. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Nikasimama mbele yake na uso wangu tayari.

Hakuivaa. Alingoja mpaka nikaenda jikoni.

Tangu siku ile alikaa nyuma ya nyumba kila mchana, ameuelekea mlima, miwani minene machoni, kitabu kipya magotini. Nilimchungulia kutoka mlangoni. Alikuwa anasoma kweli, kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikitembea, akijifunza upya kama siku zile za kijiti mchangani. Siku moja alicheka peke yake, labda palikuwa na neno lililomfurahisha. Nikatamani kumuuliza ni neno gani. Lakini kila aliposikia nyayo zangu aliinua mkono, akavua miwani, akaikunja, akaiweka gotini. Ndipo akageuka.

"Tata, endelea tu kuvaa."

"Nimeshapumzika."

Hakuwahi kuwa mkali nami. Wala hakuwahi kuitaja siku ile ya Iringa, hata mara moja. Watoto wa shule walipopita aliwasalimia akiwa ameivaa, na walipokimbia aliwafanyia makusudi sauti ya bundi mpaka wakarudi wakicheka. Kwa watoto wa watu hakuivua. Aliivua kwa ajili yangu tu.

Msimu wa baridi kifua kikambana. Siku za mwisho alilala, miwani karibu na mto. Alasiri moja niliingia na uji, nikamkuta ameivaa, anatazama dari, anahesabu boriti zake. Alinisikia. Mkono ukaanza kupanda taratibu kuivua. Nikaweka bakuli chini, nikaushika mkono ule kabla haujafika.

"Tata, usivue. Niangalie. Tafadhali niangalie, siogopi."

Alifumba macho nyuma ya vile vioo vinene. Kope zake mbili kubwa zilikuwa laini, zimetulia, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi zilivyokuwa nzuri. Akaupapasa mkono wangu kwa ule wa pili.

"Wewe sina haja ya kukusoma, mwanangu," alisema. "Wewe nakujua kwa moyo."

Akafa siku mbili baadaye, hajaniangalia. Watu niliowaambia maneno yale ya mwisho walisema nimebarikiwa, si kila mtoto huagwa hivyo. Nami nilitikisa kichwa kukubali. Lakini nilimsomea Jumamosi nyingi, na najua jinsi baba alivyohifadhi kitu: alikishika kama alivyokipata, hakubadili hata neno, hata kitabu kilipobadilika mbele yake. Uso wangu aliuona vizuri mara moja tu katika miaka yake ya mwisho, saa tisa na dakika ishirini, mkono uko mdomoni. Sijui kama ndio aliouhifadhi.